SOMO: Jua udongo wako unashindiliwaje kabla trekta halijaingia shambani

Habari wadau, somo nililoahidi hili hapa. Wengi mnadhani mfinyanzi tu ndo unaoshindiliwa, sio kweli.

Kwanza chimba udongo kina cha jembe, jaza robo ya chupa ya plastiki, weka maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa kweli kweli alafu iache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, tope laini masaa kadhaa, mfinyanzi unaweza kulala hata siku mbili ndo maji yatakate. Pima kila tabaka kwa rula.

Ukikuta zote tatu zipo za kutosha, yani tifutifu, usishangilie sana, maana chembe za saizi tofauti zikikandamizwa ndogo zinajaza nafasi za kubwa, kama fundi anavyochanganya kokoto na mchanga kwenye zege, hewa inakosa pa kukaa. Mchanga wa saizi moja haushuki sana. Mfinyanzi sasa, huo ni maji tu: mkavu ni tofali, trekta linapita juu kwa juu, ukiwa na unyevu wa kufinyangia chungu unabonyea vibaya, ukilowa chapachapa matairi yanateleza na kuziba vitundu.

Kwa hiyo pili, chukua udongo wa sentimita 15 chini, uviringishe kiganjani. Ukitoka uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, trekta lisubiri. Mimi mwaka juzi nilishindwa kusubiri siku tatu, mahindi nikayang'oa mizizi imelala kama mkeka.

Swali: Mkuu mi nipo Shinyanga, udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia. Nipitishe raipa (lile jembe la meno marefu la kupasua tabaka gumu chini)?
Jibu: Usikimbilie kaka, huo ukikauka unajipasua na kujilegeza wenyewe kiasi. Ukiona bado kuna tabaka gumu pitisha kiangazi hicho hicho, ukiwa mbichi raipa inakata tu kama kisu kwenye sabuni.

Swali: Nikipunguza upepo kwenye tairi je?
Jibu: Inasaidia juu, uzito unatandazwa. Ila huko sentimita 40 chini kinachoamua ni mzigo uliokaa kwenye ekseli, lile trela la magunia ndo liwekwe barabarani, lisiingie shambani.

Swali: Nimwage mchanga kwenye mfinyanzi ulegee?
Jibu: Dada rudi pale kwenye zege 😄 Tafuta samadi.