Chembe pana hazifuati chembe za mazoezi: somo la kurekebisha upinde wa kompaundi

Upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu na kebo, ukipiga vizuri kwa chembe za mazoezi (ncha za mshale zisizo na makali) mpaka mita 40, usidhani kazi imekwisha. Funga chembe pana (ncha zenye makali, za kuwindia), na mshale uleule unaweza kwenda shubiri nzima kushoto. Vile, yaani makali bapa, vya chembe pana hukamata hewa mbele ya mshale, sawa na manyoya yanavyoikamata nyuma. Mshale ukitoka upindeni umekaa upande hata kidogo, vile hivyo ndivyo vinavyoshika usukani. Chembe ya mazoezi haina vile, kwa hiyo kosa hulificha. Ndiyo maana tunarekebisha upinde, na saiti (kifaa cha kulengea) hatuigusi mpaka mwisho.

Somo ni la shabaha. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009. Nyuma ya shabaha kuwe na tuta la mchanga, isiwe njia ya watu waendao mikoroshoni.

Kwanza mshale wenyewe

Wengi huruka hatua hii, kisha wanahangaika na resti (kifaa kinachobeba mshale upindeni) siku mbili. Chembe pana iwe na uzito sawa na ya mazoezi: kama ya mazoezi ni greni 100 (gramu 6.5), pana nayo iwe 100. Ifunge, laza mshale kwenye kasha lililokatwa pengo la V pande mbili, uuzungushe taratibu kwa vidole kama unapekecha. Tazama pale chembe inapokutana na mti wa mshale. Ncha ikitulia kama nukta, mshale ni mzuri. Ikichora duara, hata dogo, hamishia chembe hiyo kwenye mshale mwingine. Mtikisiko ukihama nayo, chembe ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye mshale wa kwanza, kinywa cha mshale, pale chembe inapoingia, hakijakaa mraba: kisugue kwa msasa laini, kidogo kidogo, huku ukiugeuza mshale, kisha jaribu tena. Mshale usiotulia usiutumie kwenye vipimo vinavyofuata. Utakudanganya.

Upinde

1. Vuta upinde mpaka mwisho huku mwenzako akitazama kamu, yale magurudumu ya juu na chini. Zote mbili zigonge vizuizi vyake kwa wakati mmoja. Moja ikichelewa, mshale hupanda au kushuka unapotoka. Kurekebisha kamu kunahitaji mashine ya kubana upinde. Bila hiyo usifungue kebo, kamba zinazounganisha kamu.
2. Noki (kipande cha mkia wa mshale kinachoshika upote, yaani kamba ya kuvutia) iuweke mshale pembe mraba na upote, au iwe juu ya hapo kwa milimita 1.5 hadi 3. Mshale upite usawa wa katikati ya tundu la kufungia resti.
3. Kwa kushoto na kulia, anza na milimita 20 hivi kutoka ukuta wa upinde mpaka katikati ya mshale, kisha linganisha na kitabu cha upinde wako.
4. Pakaa poda ya mtoto kwenye resti na kebo, piga mara moja. Manyoya yakitoka na poda, yanagusa. Geuza noki kidogo mpaka yapite bila kugusa.
5. Tanda gazeti kwenye fremu, simama mita 2, shabaha iwe mita moja na nusu nyuma ya gazeti. Unataka tundu moja lenye alama za manyoya kulizunguka. Mkia ukipasua juu ya ncha, inua resti au shusha noki kidogo.

Sasa chembe pana

Piga asubuhi, kabla kusi halijaamka. Ufukweni kuanzia Mei upepo wa mchana utakuvurugia kila kipimo. Mita 20, mishale mitatu ya mazoezi, kisha mitatu yenye chembe pana, yote ukilenga alama ileile. Usiiache yote shabahani kwa pamoja, chomoa kwanza iliyotangulia, la sivyo vile vitakata manyoya. Gunia la korosho lililojazwa matambara linavumilia chembe za mazoezi tu. Chembe pana hulichana, tumia sponji ngumu iliyobanwa kwa tabaka.

Sogeza resti kuelekea upande ilipo mishale ya mazoezi. Pana zikienda chini, inua resti. Zikienda kushoto, isogeze kulia. Nusu milimita kila mara, si zaidi, na maliza juu na chini kabla ya kushoto na kulia. Makundi yakikutana, rudi nyuma mpaka mita 30, halafu 40. Hapo ndipo unaposogeza saiti.

Maswali ya wanachama

*Masasi:* Shikamoo fundi. Juu na chini nimemaliza, ila kushoto kila nikisogeza resti makundi yanazidi kuachana.

Marahaba. Rudisha resti ulipoanzia, kisha tazama mkono wako. Ukiukaba mpini unausokota upinde. Uache ukae kwenye mzizi wa kidole gumba, vidole vilegee. Ikishindikana, angalia ugumu wa mshale. Kwenye namba ya ugumu ya mshale, ndogo ndiyo ngumu, 340 inashinda 400, na chembe nzito huufanya mshale ujipinde zaidi. Ulibadilisha kutoka greni 100 kwenda 125?

*Masasi:* Ndiyo, 125.

Basi rudi 100 ujaribu kabla ya kununua mishale mingine.

*Mikindani:* Vile vyangu vinashika kutu ndani ya wiki.

Chumvi ya bahari hiyo. Futa kila jioni, paka mafuta mepesi ya cherehani, weka kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Ukinoa, vile vyote vipate idadi sawa ya mikwaruzo. Kimoja kikilika zaidi, ncha itaanza tena kuchora duara. Upinde nao usiuache ndani ya gari juani, upote hurefuka na gundi ya manyoya huachia.

*Nachingwea:* Nimepunguza uzito wa kuvuta. Nianze upya?

Ndiyo. Mizunguko ya alenki (ufunguo wa skrubu za upinde) iwe sawa juu na chini, kisha anzia hatua ya pili, maana sasa mshale wako umekuwa mgumu kuliko upinde unavyouhitaji.