Chawa wa kichwa: jinsi ya kuwamaliza nyumba nzima

Mimi ni muuguzi, na mzazi anayeniletea mtoto mwenye chawa kwa kawaida huanza hivi: "Dawa nilimpaka, wamerudi." Nikiuliza alipaka mara ngapi, ni mara moja. Tatizo liko hapo. Dawa nyingi huua chawa wanaotembea, lakini baadhi ya mayai husalimika. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na chawa mchanga huchukua siku nyingine 9 hadi 12 kukomaa na kuanza kutaga. Inabidi umwahi katikati. Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa, chukua kalenda: leo ni siku ya 1, kisha weka alama siku ya 5, ya 9 (ndiyo siku ya kurudia dawa) na ya 13.

Hatua ya 1: Hakikisha ni chawa

Lowesha nywele, paka kondishena kwa wingi, kisha pitisha chanuo la chawa, lile lenye meno yaliyobanana, kuanzia kwenye ngozi hadi ncha. Anza nyuma ya masikio na kisogoni, ndiko wanakopenda kukaa. Kila ukivuta, futa chanuo kwenye tishu nyeupe na uangalie chini ya mwanga. Chawa mzima ni kadiri ya punje ya ufuta, na utamwona akichezesha miguu ndani ya povu. Mba hudondoka ukiugusa. Yai la chawa limeganda kwenye unywele, mpaka ulivute kwa kucha. Yai lililo mbali na ngozi kwa zaidi ya sentimita 1 mara nyingi ni ganda tupu. Kama hakuna chawa hai, usitie dawa.

Hatua ya 2: Kagua kila kichwa siku hiyohiyo

Watu wazima wasijitoe. Muwasho si kipimo, kwani anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa. Mtibuni kila mwenye chawa hai, pamoja na anayelala naye kitanda kimoja, huyo hata kama hukumkuta na chawa.

Hatua ya 3: Dawa

Kwa losheni ya pamethrini ya asilimia 1, osha nywele kwa shampuu isiyo na kondishena, kausha kwa taulo, paka mpaka nywele zilowe tangu kwenye ngozi, subiri dakika 10, kisha suuza. Usioshe tena kwa siku 1 au 2. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe. Huyo chawa wake waondolewe kwa chanuo na mikono.

Baada ya saa 8 hadi 12, kagua. Chawa wakitembea kama kawaida, dawa hiyo imeshindwa. Usiongeze kipimo, badilisha aina. Losheni ya dimethikoni, ambayo humfunika chawa badala ya kumtia sumu, ni chaguo zuri.

Nakusihi: usipake mafuta ya taa, petroli wala dawa ya wadudu wa shambani. Nimehudumia mtoto aliyeungua ngozi ya kichwa kwa mafuta ya taa, na chawa walikuwa bado wapo.

Hatua ya 4: Chanuo, siku ya 1, 5, 9 na 13

Kazi yenyewe ni hii. Gawa nywele mafungu madogo, bana yaliyobaki, na kila fungu ulipitie mara kadhaa. Nywele nene zitakula nusu saa au zaidi. Mkalishe mtoto pazuri, mpe cha kumshughulisha, na usimfokee. Chawa hawatokani na uchafu, na hajafanya kosa lolote. Siku ya 9, kabla ya kurudia dawa, osha kondishena yote itoke.

Hatua ya 5: Vitu vya nyumbani

Usijichoshe. Chawa akitoka kichwani hufa ndani ya siku 1 au 2. Fua kwa maji ya moto foronya, shuka, taulo na kofia zilizotumika siku 2 zilizopita, na loweka machanuo kwenye maji ya moto dakika 10. Usipulize dawa ya wadudu chumbani.

Kichwa kikitoa vidonda vyenye usaha au tezi za shingo zikivimba, nenda kituo cha afya. Tishu ikitoka safi siku ya 5, ya 9 na ya 13, mmemaliza. Ukikuta chawa mkubwa siku hizo za mwisho, huyo hakuanguliwa hapo: kuna kichwa hamjakikagua.