Kisa kimoja na zaburi yake: kufundisha dhoruba ya Galilaya kwa watoto wa Shule ya Jumapili

Nafundisha watoto wa miaka 6 hadi 10 katika kanisa moja la Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Nyumba nyingi wanakotoka zinakula kwa sababu ya ziwa: baba anavua dagaa, mama anaanika, mjomba anashona nyavu. Kwa muda mrefu nilifundisha kisa kivyake na zaburi kivyake. Kisa kilikuwa somo, zaburi ilikuwa ya kukariri, na viwili hivyo havikujuana. Siku hizi naviweka pamoja, maana nimeona kisa humfikisha mtoto mahali, na zaburi humpa la kusema akiwa pale.

Nitaonyesha kwa somo moja, Marko 4:35-41 pamoja na Zaburi 107. Andaa kamba ya mita 8, chaki au majivu, na kitenge kikubwa. Dakika 50 zinatosha.

Hatua ya 1: Soma mapema, kwa sauti

Usisubiri Jumamosi usiku. Soma katikati ya wiki, na kila neno ambalo mtoto wa darasa la pili hatalielewa, lipigie mstari. Wengi wetu tunatumia Biblia ya Union ya mwaka 1952, na Kiswahili chake ni kizuri, lakini kina mitego. Marko anasema Yesu alikuwa katika shetri, "amelala juu ya mto". Jumapili moja niliwaambia watoto wachore kisa hiki. Wawili walimchora Yesu amelala juu ya maji yanayotiririka, na samaki pembeni. Hawakukosea, walichora walichosikia. Mimi ndiye niliyesoma bila kueleza kwamba huo ni mto wa kulalia. "Chombo" nacho wengine hudhani ni sufuria. "Shetri" waambie ni nyuma ya chombo, pale anapokaa mshika injini. Watoto wa wavuvi wataelewa hapohapo.

Hatua ya 2: Usifungue kwa "Hadithi, hadithi!"

Walimu wapya hupenda kufungua hivyo kwa sababu watoto huchangamka. Lakini sikiliza wanavyoitikia: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Huwezi kuita uwongo uje, kisha ukafungua Injili. Hadithi za sungura na fisi nazipenda na zina mahali pake nyumbani kwa bibi. Kanisani mimi husema, "Leo nina habari." Watoto hujibu, "Tupe habari!" Imetosha.

Hatua ya 3: Chora chombo chini, wapande

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na sijutii. Mwaka 1986, maji ya Galilaya yalipopungua kwa ukame, mabaki ya chombo cha kale yalionekana kwenye tope la ufukweni. Kilikuwa cha mbao, cha nyakati zinazokaribiana na za Yesu, urefu wake mita 8 na kidogo, upana wake mita 2 na kidogo. Hakuna ajuaye nani alikipanda, na usiwaambie watoto kuwa ni cha Petro. Lakini kipimo chake tunacho. Tandika kamba uwanjani, zungushia chaki au majivu, kisha ingiza watoto 13. Watabanana. Mmoja alale nyuma, kichwa juu ya sweta lililokunjwa. Waulize: "Mtumbwi wa baba yako ni mrefu kuliko huu?" Utashangaa watakavyokufundisha wewe.

Waeleze pia kwamba "bahari" ya Galilaya ni ziwa la maji baridi, na Luka mwenyewe analiita ziwa. Urefu wake ni kama kilomita 21, upana wake kama 13. Mtoto aliyepita daraja la Kigongo–Busisi mwambie aunge madaraja kama hayo manne, hapo amevuka Galilaya mahali papana. Ni dogo sana mbele ya ziwa letu. Lakini limelala zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo ukishuka kutoka huko juu maji huchafuka ghafla. Watoto wa Mwanza hawana haja ya kuelezwa ghafla ni nini.

Hatua ya 4: Simulia, usisome

Biblia iwe wazi mkononi, lakini macho yako yawe kwa watoto. Anza taratibu, jioni inaingia, wanaondoka ng'ambo. Watoto wa pembeni wapeperushe kitenge, walio chomboni wachote maji kwa mikono. Kelele ziwe nyingi. Mwalimu wa darasa la jirani atakusamehe. Wote wapaze sauti: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Kisha wewe, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nyamaza, utulie." Kitenge kishuke. Kaa kimya. Hesabu moyoni hadi kumi, hata kama mikono inakuwasha kuendelea. Katika kimya hicho ndipo swali la wanafunzi linaposikika: "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Usiwajibie. Waache walibebe.

Hatua ya 5: Jiandae kwa swali ambalo halimo kwenye kitabu cha mwalimu

Huku kwetu hakuna anayesimulia dhoruba kwa watu wasioijua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 200 wakapotea. Na ipo mitumbwi ambayo haikutangazwa popote.

Mtoto mmoja aliniuliza, amesimama ndani ya kamba: "Mwalimu, baba alipoita, Yesu hakuamka?"

Nilikuwa nimezoea kumaliza somo kwa kusema, "Ukiomba, dhoruba itatulia." Tangu siku ile sijalisema tena, nawe nakuomba usiliseme. Marko hakuandika hivyo. Ameandika kwamba Yesu alikuwamo chomboni pamoja nao, na kwamba upepo unamtii. Mtoto ukimwahidi kila chombo kitafika, utakuwa umemwambia kwa njia ya mzunguko kwamba baba yake hakuomba vizuri.

Mtoto akiuliza hivyo, chuchumaa mfikie usawa wa macho. Sema, "Sijui, mwanangu. Nami inaniuma." Usiharakishe kupoza. Kisha mwambie kwamba ndani ya Biblia kuna mtu aliyemuuliza Mungu hivyohivyo, umsomee Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Mtoto yule alitaka niirudie. Niliirudia mara tatu. Baada ya ibada nenda kamuone mama yake au bibi yake, asije akalibeba swali hilo peke yake hadi nyumbani.

Hatua ya 6: Zaburi kwa kuitikiana

Zaburi za Kiebrania zimejengwa kwa mistari inayokwenda pamoja: wa kwanza unasema jambo, wa pili mara nyingi unalirudia kwa maneno mengine au unalisogeza mbele. Kwa hiyo usimkaririshe mtoto kama jedwali la kuzidisha. Gawa darasa pande mbili, kwa Zaburi 107:29:

Kulia: "Huituliza dhoruba, ikawa shwari."
Kushoto: "Mawimbi yake yakanyamaza."

Anza kwa kunong'ona, panda, shuka tena. Mara tano, wamekwishaishika. Kisha wafundishe aya ya 28, ya kumlilia Bwana katika dhiki. Kilio hicho kinarudi mara 4 katika zaburi hii, kwa waliopotea jangwani, waliofungwa, walioumwa na walio majini. Wakubwa waitafute wenyewe kwenye aya ya 6, 13 na 19. Zaburi nzima ina aya 43, usiwalazimishe. Aya mbili zilizoingia moyoni zinatosha kwa Jumapili moja.

Hatua ya 7: Kitoke kanisani

Usitoe kazi ya kuandika. Mpe kila mtoto kazi ya kumsimulia mtu mmoja ambaye hakuwepo, hasa aliyelala mchana kwa sababu usiku alikuwa ziwani. Jumapili inayofuata, kabla ya kisa kipya, waite wawili watatu wasimulie tena huku wewe ukinyamaza. Sikiliza wanachokiruka. Darasa langu huruka "Mbona mmekuwa waoga?" karibu kila mara, labda kwa sababu linasikika kama kugombezwa. Basi wiki ile hurudi hapo na kuwauliza wanadhani Yesu alilisema kwa sauti gani. Kila mmoja alijaribu kwa sauti yake.