Unataka kuongeza michezo kwenye uwanja wako wa watoto Arusha au Moshi? Anza na foleni, mashine baadae

Wadau wenye viwanja vya watoto na nyie mnaofikiria kufungua, nimesimamia uwanja wa michezo hapa Arusha kwa miaka kadhaa na naona kosa lile lile linajirudia, mtu Jumapili anajaza mpaka getini, Jumatatu anaanza kutafuta mashine kubwa ya kuagiza China. Hela inaenda, kontena linakuja, na foleni inabaki vile vile. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya chochote chukua saa na daftari ukae Jumapili mbili pembeni ya kila mchezo ulionao.

Unachohesabu ni watoto wangapi wanapanda kwa saa moja. Mfano una bembea ya kuzunguka yenye viti 12, mzunguko wenyewe ni dakika 3, lakini kushusha hawa, kupandisha wale, kupokea hela na kutafuta chenji ya elfu kumi inakula dakika 7, jumla dakika 10, ina maana trip 6 kwa saa, watoto 72. Sasa weka kibanda cha tiketi getini hela isiguswe kabisa pale kwenye mashine, toboa mlango wa pili wa kutokea, wanaosubiri wapangwe kabisa kwa idadi ya viti, ile dakika 7 inashuka mpaka 3. Trip zinakuwa 10, watoto 120. Umeongeza watoto 48 kwa saa kwa gharama ya mbao, bati na fundi wa kuchomelea geti. Mimi naanziaga hapa siku zote na mara nyingi mtu anagundua alichokuwa anakosa ni mpangilio tu.

Ukimaliza foleni, angalia nani amekaa. Kwenye viwanja vyetu vingi utakuta watoto wa miaka 3 hadi 9 wanacheza, wa miaka 11 mpaka 15 wako kwenye simu, na kina mama wanaungua jua. Hao wawili wa mwisho ndo wanaoamua familia inaondoka saa ngapi! Kivuli na viti vizuri vinauza soda na chipsi kuliko tangazo lolote. Na kwa hao wakubwa si lazima umeme, vigari vya kukanyaga pedeli kwenye njia ya kuzunguka yenye kona na vilima vidogo vinawashika vizuri sana, mnyororo ukikatika fundi baiskeli wa mtaani anatengeneza.

Kuna wazo moja nalipenda kuliko yote na sijui kwa nini halijajaa huku kwetu. Jenga mlima wa kupanda. Sisi tuna Kilimanjaro pale dirishani, watoto wetu wengi hawajawahi kufika hata geti la Marangu. Chukua vipimo vya njia ya Marangu, geti liko kama mita 1,880, kambi ya Mandara 2,700, ya Horombo 3,720, ya Kibo 4,700, kilele cha Uhuru 5,895, halafu punguza, kila mita 20 za mlima ziwe sentimita 1 kwako. Geti linakuwa chini kabisa, Mandara inakuja kama sentimita 41, Horombo 92, Kibo mita 1 na sentimita 41, Uhuru karibu mita 2 kamili. Unaweka ngazi za magogo, kamba, ukuta wa kushika mawe, kibao kila kituo, na juu kabisa kengele ya kugonga. Chini mwaga mchanga laini wa kina cha sentimita 30 sehemu yote ambayo mtoto anaweza kuangukia, na kila asubuhi mtu aufukue na reki maana ukishindiliwa unakuwa mgumu kama sakafu. Wa Arusha mnaweza kufanya Meru yenu ya mita 4,562. Watalii watapiga picha sawa, ila mimi nawaza mtoto wa Unga Limited au wa Njoro anayerudi nyumbani anasema leo nimefika Horombo.

Michezo ya maji ndo watu wengi wanaiga bila kufikiri. Moshi iko chini, mita 800 na kitu, Januari na Februari joto linakutafuta mpaka usiku, mteremko wa maji pale unalipa. Arusha tuko kama mita 1,400, mwezi wa sita na wa saba ndo likizo ya shule na ndo baridi na mawingu, mtoto hatoi sweta ataingiaje kwenye maji. Kwa hiyo Arusha pesa ya bwawa peleka kwanza kwenye kitu kilichoezekwa, kitu ambacho hata masika ya Machi mpaka Mei kinafanya kazi. Kitreni cha kuzunguka uwanja nacho ni kizuri, kinabeba mtoto pamoja na bibi yake, cha mabehewa manne kinaweza kuchukua watu 20 kwa mkupuo, cha msingi njia yake isiwe na mteremko mkali na kisivuke njia ya waenda kwa miguu bila mtu kusimama pale.

Jampingi, lile puto la kurukia, karibu kila mtu analo na karibu kila mtu analichukulia poa. Naomba hapa msome taratibu. Desemba 2021 kule Devonport, Tasmania, Australia, kimbunga kidogo cha vumbi kilinyanyua puto la aina hii kwenye sherehe ya shule, watoto 6 walifariki. Hicho kimbunga sisi tunakiita chamchela, na kiangazi huku kwetu mnaziona zikipita kila mchana. Kwa hiyo funga kila kitanzi ambacho mtengenezaji ameweka, vyote, usiache hata kimoja eti leo kumetulia, vigingi vya chuma viingie ardhini mpaka mwisho na kwenye sakafu ya zege tumia uzito aliotaja mtengenezaji siyo tofali mbili. Viwango vya Ulaya vinasema upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa watoto watoke, kifaa kidogo cha kupimia upepo si bei ya kutisha, kinunue. Ukiona vumbi linazunguka uwanja wa jirani shusha watoto kwanza, maswali baadae.

Sasa kama bado unataka mashine kubwa, mimi ningechagua gurudumu la kupanda juu. Lile la kwanza la Ferris kule Chicago mwaka 1893 lilikuwa na kimo cha mita 80, wewe huhitaji zaidi ya robo ya hapo, mita 15 mpaka 20 inatosha kuvuka miti. Ligeuze viti vitazame mlima na panga saa zake, Kibo, kile kilele chenyewe cha Kilimanjaro, inaonekana vizuri asubuhi na jioni, mchana mawingu yanaifunika, kwa hiyo jioni ndo uza tiketi za wazazi.

Ila kabla ya kulipia muulize muuzaji mambo haya. Je, imetengenezwa kwa viwango vya usalama wa mashine za michezo, EN 13814 vya Ulaya au ISO 17842 vya kimataifa, na cheti kiko wapi. Michoro ya msingi iko wapi, maana mhandisi wako lazima ajue uzito unaotua kwenye kila mguu, na udongo wetu unabadilika hatua mia tu, huku majivu ya volkano, kule udongo mweusi wa mbuga unaovimba mvua ikinyesha. Beringi na mikanda ni namba gani, zinapatikana mjini au mpaka ziagizwe, maana vumbi letu linazimaliza haraka. Kama ni mtumba omba daftari lake la matengenezo, lisipokuwepo achana nayo, na hata likiwepo mtafute fundi wa kupima nyufa kwa ile dawa nyekundu inayopakwa kwenye maungio, rangi mpya inaficha mengi. Usisahau pia VAT ya 18% na ushuru bandarini, mtu wa kutoa mizigo akupigie hesabu mapema.

Umeme. Mashine nyingi za hivi zinataka umeme wa njia tatu na kama una njia moja nenda TANESCO mapema kabla hujaagiza. Mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara tano mpaka saba ya kawaida yake, kwa hiyo dai iwe na kifaa cha kuianzisha polepole, la sivyo taa za mtaa mzima zinacheza. Jenereta isiyo na turbo kwa mwinuko wa Arusha haitoi nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibao chake, chukua kubwa zaidi kidogo. Na swali kubwa kuliko yote, umeme ukikatika watoto wakiwa juu unawashushaje? Kama hakuna njia ya kuzungusha kwa mkono, usinunue.

Vibali usiviache mwisho, ongea na halmashauri kuhusu kibali cha ujenzi, OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, wasajili eneo la kazi kwa sheria ya 2003, Zimamoto waje wakague, na kama unapanua sana waulize NEMC, wale wa mazingira. Bima nayo.

Ratiba hesabu kwa kurudi nyuma kutoka Desemba. Moshi kuanzia katikati ya mwezi ule Wachaga wote wamerudi nyumbani na watoto wa Dar, ndo mavuno yako ya mwaka. Zege linataka siku 28 kufikia nguvu yake, meli na bandari zinataka miezi, majaribio wiki mbili ukipakia mifuko ya mchanga badala ya watu. Kwa hiyo ukiamua mwezi wa tisa umechelewa, subiri mwakani. Masika tumia kufungua mashine za zamani, kupaka grisi na kubadilisha bolti.

Mashine ikishasimama, mwendeshaji awe mtu mmoja anayejulikana, aijaribu tupu kila asubuhi, asaini daftari, na awe na mamlaka ya kuizima hata kama bosi mwenyewe yupo pale na wageni. Halafu Jumapili ya kwanza rudi na saa yako ukae tena pembeni, maana mchezo mpya ukivuta watu foleni huwa inahamia chooni na kwenye maji ya kunywa, matundu ya choo yaongeze kabla ya Krismasi.