Kubadilisha rangi ya nguo kwenye picha kwa GIMP

Juzi dada mmoja kaniletea picha ya sendofu, anataka gauni lake jekundu lionekane la kijani, basi nikaona niwaelekeze na nyie kwa GIMP, ile programu ya kuhariri picha, maana kazi yenyewe dakika kumi tu.

Kwanza dupliketi leya (lile tabaka la picha), usije ukaharibu picha ya watu. Halafu bonyeza Shift+O, hiyo ndo tuli ya kuchagua kwa rangi, ukiklik kwenye gauni inashika wekundu wote uliopo kwenye picha nzima, ila ukibonyeza U peke yake unapata ile ya fimbo ambayo inashika rangi iliyoungana na pale ulipoklik tu.

Sasa ishu iko kwenye Threshold, yaani kiwango cha rangi zinazofanana zitakazoshikwa. Inaanzia 15, na kwenye gauni lenye mikunjo haitoshi, vile vivuli vinaachwa vinabaki kama madoa ya mchuzi. Klik bila kuachia mausi, vuta taratibu kulia, utaona eneo linaongezeka. Mimi yule dada nilivuta sana mpaka lipstiki ikaingia, nusura awe na midomo ya kijani 😂 Ikitokea hivyo chukua laso, tuli ya kuchagua kwa kuchora kwa mkono (F), shikilia Ctrl halafu zungushia mdomo, unatoka kwenye seleksheni, yaani eneo ulilochagua. Kuongeza eneo ni Shift.

Nenda Select, Feather, weka piseli 2 hivi ili kingo zisikatike kama mkasi butu. Kisha Colors, Hue-Saturation, sogeza Hue mpaka uipate kijani yako. Ukimaliza bonyeza Ctrl+Shift+A kuondoa seleksheni.