Urea: jua inavyogeuka kabla hujaipeleka shambani

Fungua mlango wa banda la mbuzi alfajiri, kabla hewa ya nje haijaingia. Harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi ni ya amonia, na amonia hiyo imetokana na urea iliyokuwa ndani ya mkojo wa mbuzi. Sasa nenda kwenye shamba la mahindi lililomwagiwa urea ya dukani siku mbili zilizopita, juu ya udongo wenye unyevu, bila kufukiwa. Inama mpaka pua ikaribie ardhi. Ukiipata harufu ileile, hata kama ni hafifu, basi mbolea ya mwenye shamba inaondoka na upepo.

Swali ninaloulizwa na wakulima kuliko yote kuhusu mbolea ya kukuzia ni "niweke mifuko mingapi?" Naomba leo tuanze na lingine: ikishafika ardhini inageuka kuwa nini? Nimesimama na watu pembeni ya mahindi ya njano, mfuko mtupu wa urea ukiwa bado umelala kwenye tuta, wao wakisema mbolea ilikuwa feki. Mara nyingi haikuwa feki. Iliwekwa juu ya ardhi saa sita mchana, mvua ikachelewa, ikapotea.

Urea ni kemikali yenye kaboni, oksijeni, nitrojeni na hidrojeni. Wanakemia huiandika CO(NH₂)₂. Asilimia 46 ya uzito wake ni nitrojeni, kirutubisho ambacho mmea unakihitaji ili ukue, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Mfuko wa CAN (mbolea nyingine ya nitrojeni) wa uzito huohuo una kilo 13 hivi, na wa SA (salfeti ya amonia) kama kilo kumi na nusu. Ukilinganisha bei dukani, linganisha kwa kilo ya nitrojeni, usilinganishe mfuko kwa mfuko.

Wapo wanaoiogopa kwa sababu inaitwa mbolea ya chumvichumvi. Kikemia urea si chumvi, na haikuzaliwa kiwandani. Ilianza kujulikana kwa kutolewa kwenye mkojo, na hadi mwanzoni mwa karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kwamba vitu vya namna hiyo haviwezi kutengenezwa nje ya mwili wenye uhai. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akaitengeneza maabara kwa vitu visivyo na uhai, ikawa ileile. Leo viwanda hupata urea kwa kuunganisha amonia na kaboni dioksaidi katika joto na mgandamizo mkubwa. Mzizi wa mhindi hauwezi kutofautisha iliyotoka kiwandani na iliyotoka kwa ng'ombe.

Lakini mzizi huo hauili urea nyingi kama ilivyo. Hapo ndipo palipo na somo lote.

Ardhini kuna kimeng'enya (kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho urease, kinachotolewa na bakteria, kuvu na mabaki ya mimea. Urea ikikutana na maji na kimeng'enya hiki, huvunjika kuwa amonia na kaboni dioksaidi. Udongo ukiwa na joto na unyevu, sehemu kubwa ya kazi hiyo huisha ndani ya siku chache tu, mara nyingi chini ya wiki. Amonia iliyozaliwa ndani ya udongo hukamata maji, ikawa amoniamu, na amoniamu hushikwa na chembe za mfinyanzi zikaitunza. Amonia iliyozaliwa juu ya udongo haina cha kuishika. Tena uvunjikaji wenyewe hupandisha pH (kipimo cha tindikali: ikipanda, tindikali imepungua) pale punje ilipolala, na pH ikipanda amonia huzidi kutoka. Jua kali, upepo, udongo wenye magadi na mabua mengi yaliyotanda juu ya ardhi vyote huongeza hasara, kwa kuwa mabua yamejaa urease. Hali ikiwa mbaya, theluthi nzima ya nitrojeni inaweza kupotea hivi. Kilicho hatari kuliko ukavu ni umande au manyunyu: yanatosha kuyeyusha punje, hayatoshi kuishusha chini.

Baadaye bakteria wengine huigeuza amoniamu kuwa naitreti, umbo jingine la nitrojeni. Mahindi huipenda naitreti, ila haishikwi na udongo. Mvua kubwa kwenye mchanga huizamisha chini kuliko mizizi. Ndiyo sababu tunagawa urea mara mbili badala ya kuiweka yote kwa mkupuo.

Jaribu mwenyewe nyumbani

Sitaki uniamini kwa maneno. Chukua kijiko cha urea, kitie kwenye glasi ya maji na ukoroge huku umeishika glasi. Itapoa mkononi, kwa sababu urea huvuta joto inapoyeyuka. Maji yabaki maangavu. Ukiona mchanga chini au tope linaloelea, una sababu ya kumuuliza muuzaji. Kisha weka punje chache kwenye kijiko kikuukuu cha chuma, juu ya mkaa, nje ya nyumba. Urea huyeyuka kuwa maji kwenye nyuzi joto 133 hivi, kisha hutoa harufu ya amonia. Chumvi ya mezani ikiwekwa hapohapo haitayeyuka, kwa hiyo aliyechanganya atajulikana. Kijiko hicho kisirudi jikoni, na usiinamie moshi wake.

Jaribio la pili ninalipenda zaidi. Saga punje za soya mbichi, changanya unga huo na maji ya uvuguvugu na kijiko cha urea, funika. Baada ya muda usiozidi saa moja funua unuse kwa mbali: ni banda la mbuzi. Soya mbichi ina urease nyingi. Rudia kwa soya iliyokaangwa vizuri. Harufu haitakuja, kwa kuwa moto umeua kimeng'enya. Jamii ya kunde ndiyo iliyofundisha ulimwengu jambo hili: mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alitoa fuwele safi za urease kutoka kwenye aina moja ya maharage, akaonyesha kwamba vimeng'enya ni protini. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Kama una rozela (wengine huita choya), chemsha maua yake machache na uchovye vipande vya kitambaa cheupe kwenye maji hayo mekundu. Jaza udongo mnyevu nusu ya chupa mbili pana. Katika ya kwanza tupia punje ishirini za urea juu ya udongo. Katika ya pili zifukie hadi karibu na kitako. Ning'iniza kitambaa chenye unyevu chini ya kila kifuniko, funga, uache kivulini siku mbili au tatu. Cha chupa ya kwanza kitaacha wekundu na kuelekea bluu au kijani, kwa sababu amonia imekifikia. Cha pili kitakawia. Nimeona kikundi cha akina mama kikiangalia chupa hizo mbili kwa dakika tano bila mtu kusema neno, na msimu huo wote walifukia.

Mahindi

Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ekari ina mimea inayokaribia 18,000. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukigawanywa sawasawa ni chini kidogo ya gramu 3 kwa mmea. Kifuniko cha soda ndicho kipimo chetu, ila usikubali uzito wa kuambiwa, maana mmoja hujaza kwa tuta na mwingine kwa kukwangua. Jaza kifuniko mara ishirini ndani ya mfuko wa nailoni, peleka kwenye mizani ya dukani, gawa kwa ishirini. Hapo utajua kifuniko kimoja kinatosha mimea mingapi.

Weka awamu ya kwanza mahindi yakifika magotini, baada ya palizi, kwa sababu magugu hula kwanza. Ya pili iwe kabla ya mbelewele kutoka. Chimba kishimo chenye kina cha kidole cha kati, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, weka, fukia. Kuigusisha na shina huunguza, na kuiweka pamoja na mbegu wakati wa kupanda huua mche kabla haujatoka, kwa sababu ya amonia hiyohiyo. Najua kufukia kunaongeza vibarua. Fanya hesabu ya kibarua cha siku moja dhidi ya theluthi ya mfuko, ndipo uamue. Pasipo watu kabisa, subiri siku ambayo mvua ya kweli inakuja, ile inayolowesha udongo kwa kina cha kidole, umwage kabla yake. Urea ambayo haijavunjika huteremka na maji kirahisi.

Mpunga

Kosa la kwenye majaruba ni kurusha urea kwenye maji yaliyosimama. Mchana mwani huondoa kaboni dioksaidi majini, pH ya maji hupanda, na amonia huruka mbele ya macho yako. Toa maji hadi tope libaki, weka urea, ichanganye na tope wakati wa palizi, kisha rudisha maji baada ya siku moja au mbili. Wakulima wengi wa Bangladesh hutumia urea iliyogandamizwa kuwa vidonge vikubwa, kila kimoja kikidungwa kwenye tope katikati ya mashina manne, kina cha sentimita 7 hadi 10, mara moja tu kwa msimu. Inahitaji upandaji wa mistari na mgongo mvumilivu.

Usichanganye ovyo

Urea na CAN ndani ya ndoo moja hugeuka uji, kwa kuwa zikiwa pamoja hufyonza unyevu wa hewa kuliko kila moja peke yake. Urea na TSP (mbolea ya fosfeti) nazo hulowana na kugandamana. Ukilazimika, changanya na uitumie saa hiyohiyo. Majivu na chokaa ni habari nyingine: vyote hupandisha pH na kuifukuza amonia. Chokaa imwagwe na kulimiwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, urea ije baadaye.

Na chokaa inahitajika. Wazee wanaosema mbolea ya dukani "inachosha udongo" wana hoja ambayo sisi maafisa ugani tumeidharau mno. Amoniamu inapogeuzwa kuwa naitreti huachia tindikali. Kwa mfuko mmoja wa urea zinahitajika kilo kama 40 za chokaa ya kilimo kuisawazisha. SA ni kali zaidi kwa kila kilo ya nitrojeni. Anayeweka urea miaka kumi bila kupima udongo na bila samadi asishangae mahindi yakidumaa hata kwenye mvua nzuri. Samadi na urea havigombani; samadi hushika kile ambacho mchanga ungekiachia.

Kwa mboga, baadhi hunyunyizia urea kwenye majani. Gramu 100 hadi 200 kwa bomba la lita 20 zinatosha, jioni, kamwe si juani. Zikizidi, kingo za majani huungua.

Mifugo: chakula na sumu

Ng'ombe anayecheua ana bakteria tumboni wanaoweza kugeuza amonia kuwa protini, kwa hiyo urea inaweza kumlisha. Njia salama kuliko zote ni kuitumia kwenye mabua. Kilo 100 za mabua makavu ya mpunga au ya ngano hunyunyiziwa kilo 4 hadi 5 za urea zilizoyeyushwa kikamilifu kwenye lita 50 hadi 60 za maji, yakashindiliwa na kufungwa kwa turubai lisilopitisha hewa kwa wiki tatu. Amonia hulainisha nyuzi na kuongeza nitrojeni. Ukifungua, yaache yapepee siku moja au mbili kabla ya kulisha, na mzoeshe mnyama kidogo kidogo. Usiwape ndama wadogo, punda, nguruwe wala kuku. Usichanganye urea na soya mbichi kwenye pumba. Umeona kwenye bakuli kinachotokea, na tumboni hutokea vilevile.

Urea iliyoliwa nyingi kwa mkupuo huua haraka. Dalili huanza ndani ya nusu saa au saa moja: kutetemeka, mate yenye povu, tumbo kujaa gesi, kuanguka. Mwite daktari wa mifugo hapohapo. Wakati unamsubiri, ng'ombe anayeweza bado kumeza hunyweshwa siki lita kadhaa pamoja na maji mengi ya baridi, taratibu ili yasiingie mapafuni, kwani siki hupunguza kasi ya amonia kuingia kwenye damu. Siki ya duka la kijiji haitoshi ng'ombe mmoja mzima, kwa hiyo mwenye kulisha urea aiweke ndani mapema.

Ajali nyingi ninazozijua hazikutokea kwenye kulisha. Mbuzi alilamba mfuko uliosuuzwa na kuanikwa kwenye uzio. Ng'ombe alikunywa maji ya ndoo iliyoyeyushia mbolea. Nyumba moja waliiweka urea kwenye kopo la chumvi, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Mfuko uliobaki ufungwe mdomo kwa kukaza, ulale juu ya mbao mbali na ukuta, uandikwe jina lake kwa kalamu ya mkaa: UREA, SI CHUMVI.