Gitaa ukubwani: anza na ridhimu, solo itakuja

Watu wazima wanaokuja kwangu kujifunza gitaa karibu wote wanataka solo, yaani kupiga melodia ya mbele. Wamekulia kwenye rumba na muziki wa dansi, kwa hiyo nawaelewa. Lakini nawaanzisha na ridhimu, yaani mapigo ya kusindikiza wimbo, kwa sababu ndiyo inayokuwezesha kukaa na wenzako mkapiga wimbo mapema.

1. Kagua gitaa kabla ya kulipa. Tazama freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, huhesabiwa kutoka kichwani): uzi wa 6, ule mnene, usiinuke zaidi ya milimita 3 hivi juu yake. Nyuzi zikiwa juu mno utaumia vidole bure na kudhani huna kipaji. Tyuni kila siku kwa programu ya simu, kuanzia uzi mnene: E, A, D, G, B, E.

2. Kodi tatu (kodi ni sauti kadhaa zinazolia pamoja): G, C, D. Hapa tusikimbie. Kwa G, weka kidole cha pete uzi wa 6 freti ya 3, cha kati uzi wa 5 freti ya 2, kidole kidogo uzi wa 1 freti ya 3. Ukienda C, usinyanyue mkono mzima. Cha pete na cha kati vinahama pamoja, kila kimoja kwenye uzi wa jirani, freti zilezile: cha pete uzi wa 5, cha kati uzi wa 4. Kidole kidogo kinaachia, cha shahada kinakanyaga uzi wa 2 freti ya 1. Uzi wa 6 usiuguse. Rudi G, kisha C tena, polepole, mpaka vile viwili vihame bila kuviangalia. D ni nyuzi tatu nyembamba tu: wa 3 na wa 1 freti ya 2, wa 2 freti ya 3; wa 4 unaachwa wazi.

3. Dakika 15 kila siku. Saa mbili za Jumamosi hazifidii wiki nzima. Gitaa likae nje ya begi, pale unapopita. Ncha za vidole zitauma mwanzoni, ni kawaida.

4. Mkono wa kulia usisimame. Kodi ikichelewa, endelea kukuna hata kama nyuzi hazilii vizuri. Anayesikiliza husamehe kodi mbovu, mapigo yakikatika anageuka.

5. Tafuta mwenzako sasa hivi. Ukisubiri uive, utazeeka chumbani. Chagueni G na C tu, mapigo manne kila moja, mzunguke hivyo hata dakika kumi. Sharti ni moja: hakuna kusimamisha. Ukipotea, nyamaza, gonga mguu, subiri "moja" irudi, ingia.

6. Gawaneni kazi. Wawili mkipiga kodi zilezile mahali palepale, mnazibana. Mmoja abaki na G, C, D. Mwingine afunge kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, freti ya 5 apige maumbo ya D, G, A: sauti zitakuwa G, C, D zilezile, ila juu zaidi. Huyu wa juu asikune. Adonoe uzi mmoja mmoja ndani ya kodi, kama afanyavyo mpigaji wa mi-solo, gitaa lililo kati ya ridhimu na solo, katika bendi za rumba. Badilishaneni kila wimbo. Mtakapochoka kugombania kapo, mtafuteni mtu wa besi.